Muchezo Unaojua Kungoja

Jumatatu, tarehe 8, mwezi wa sita

Umeme ulirudi asubuhi, watu wameshaenda kazini. Njo kawaida ya watu wa umeme. Avenue yote ilipiga kelele, kisha kila mutu akakimbilia prizi yake. Maman aliwasha pasi. Mimi niliwasha konsoli.

Bureau ninapofanya kazi ilisimamisha kazi tangu mwaka jana na mupaka leo wanatuambia tukae tayari. Niko tayari. Nimekaa tayari mupaka nimechoka. Nimefua mapazia, nimepanga kabati, nimegombana na kila mutu wa nyumba hii, na juma iliyopita nikafungua karton ya vitu vyetu vya utoto. Konsoli ilikuwa ndani, na manette moja ya kuchezea, kamba yake imefungwa na skoch. CD moja tu ndiyo nzima. Ile ya muchezo wa muchora-ramani.

Nilikuwa nimesahau namna muchezo huu uko polepole. Mwanamuke wa makamo, koti refu, fimbo. Anapita katika inchi ya baridi ambayo madaraja yake yote yamevunjika, anaichora upya. Hakuna bunduki. Hakuna adui. Hakuna namna ya kukimbia, nimefinya kila buton. Anatembea tu. Kupanda kilima kimoja ni wakati wa kuchambua mboga ya lenga-lenga yote ya mezani. Mutu aliyeutengeneza hakuwa na haraka na maisha. Mimi niko nayo. Hata tumboni nilitoka mbele ya wakati, Maman anapenda kuwasimulia wageni.

Papa iko kwenye kiti yake mbele ya télé, sababu kiti yake iko pale. Haongei. Tangu mushipa ukatike kichwani mwezi wa pili, neno lililomubakia ni moja: "Bon." Chai? Bon. Unaumwa? Bon. Akikasirika, bon, na mukono wa kushoto unapiga kiti. Ule wa kuume umekufa. Alifundisha jiografia miaka mingi, sauti yake ilitoka darasani ikafika barabarani. Sasa bon.

Na Furaha, mudogo wangu, anaolewa. Dot, sherehe ya mahari, ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba. Baba ndiye anasimama mbele ya wakwe na kumubariki binti. Ndani ya nyumba hii hakuna anayelizungumza. Tunazungumza juu ya viti vya kukodi na nani atapika sombe.

Jumanne, tarehe 9

Nimepoteza kila kitu. Muchezo unakubali kuhifadhi safari yako ndani ya vibanda vya kulala tu, na toka kibanda mupaka kibanda ni mbali. Nilikuwa nimeshaona moshi wa kibanda. Umeme ukaenda.

Nikatukana. Maman akanikumbusha kwamba Yesu anasikia. Nikamujibu kwamba watu wa umeme ndio hawasikii. Papa alitikisa mabega. Naona alikuwa anacheka.

Alhamisi, tarehe 11

Nimeanza upya, nimefika kwenye muto. Hapa njo tulikwama zamani, mimi na Furaha.

Iko muzee mwenye mutumbwi. Hakuvushi mupaka umusikilize. Maneno yake yanatokea ndani ya kisanduku chini ya ekra ya télé, Kifaransa, machache machache, na kisanduku kinakaa pale mupaka wewe mwenyewe ufinye. Sasa ukifinya mbio-mbio bila kusoma, muzee anajua. Sijui anajua namna gani. Anageuza uso, anawasha kiko yake, na anaanza tena toka kuzaliwa kwake.

Tulipokuwa watoto tulisema CD imekwaruzika. Papa ndiye aligundua. Alivuta kiti, akavaa miwani, akasoma kila kisanduku kwa sauti, akatuelezea kwa Kiswahili, na katikati akatufundisha delta ni nini. Ilichukua siku ya Mungu nzima. Tulivuka.

Leo nimefinya mbio tena na tena. Muzee ameanza tena na tena. Nimemuita majina ambayo siwezi kuandika. Papa aliinua mukono wa kushoto, kiganja wazi. Ngoja. Nilielewa vizuri sana anasema ngoja. Nikazima konsoli nikaenda kuosha vyombo.

Yule muzee anachosha. Ni kweli, anachosha.

Ijumaa, tarehe 12

Hii lazima niiandike vizuri.

Nilikuwa tena kwa yule muzee. Maharagi ilikuwa kwenye babula, jiko letu, nyuma ya nyumba, nikasikia harufu ya kuungua. Nikaweka manette kwenye magoti ya Papa nikakimbia. Nikaongeza maji, nikapunguza makala ya moto, nikafukuza kuku wa jirani kwenye unga. Nikakawia kweli.

Kurudi, kisanduku bado iko pale, kama nilivyokiacha. Na Papa anakisoma. Midomo inatafuta. "La... la ri..." Akakwama. Akarudi nyuma. "La ri..." Nilibaki mulangoni na mwiko mukononi. Sikusema kitu sababu nilikuwa nimeganda, si sababu niko na akili. Ilikuwa ndefu. Ilikuwa ndefu vibaya. "La rivière... monte." Muto unajaa.

Kisha kidole gumba cha mukono wa kuume, ule uliokufa, ule ambao kiné, munganga wa viungo, anaubembeleza kila juma ushike mupira wa tenisi na unakataa, kikatembea juu ya manette kikitafuta buton. Kikafinya. Kisanduku kingine kikatokea.

Nililia. Kisha nikaharibu. Nikamuita Maman, nikamupigia Furaha simu kazini, nikamushika Papa mabega nikamwambia, Papa, umesema muto unajaa, umesoma, sema tena.

Akanitazama.

"Bon," akasema.

Jumamosi, tarehe 13

Umeme kidogo tu, asubuhi. Papa amesoma visanduku vitatu. Nilijificha mulangoni na mwiko, kama jana, sababu naogopa kubadilisha chochote. Maman ameshawaambia kikundi chake cha sala. Maana yake Bukavu yote inajua.

Jumapili, tarehe 14

Siku mbaya.

Baada ya misa walikuja wote. Wamama wa sala, majirani, na Tonton Déo, mudogo wa Papa, kwa ajili ya mukutano wa familia juu ya dot. Tonton anauza mbao na anaongea. Hakuna dot ya ukoo wetu ambayo hakusema. Akishika mikro, wageni wanajua chakula kitapoa. Anamuita Papa Yaya, sababu ni mukubwa wake, na anamuheshimu sana, hilo siwezi kulikataa.

Wakamuweka Papa katikati. Kila mutu anataka kusikia muujiza. Tonton akainama, akamuuliza polepole, kama unavyomusemesha mutoto: Yaya, binti anayeolewa anaitwa nani?

Papa akafungua mudomo. "F..."

"Furaha," wakasema wamama watatu pamoja.

Akafunga. Akajaribu tena. "Fu..."

"Raha," akamalizia Maman, na machozi. Wakapiga makofi. Aksanti Yesu. Tonton akawaeleza watu kwamba Yaya anataka kusema moyo wake umefurahi. Mama mumoja akasema hapana, anataka maji. Mwingine akasema anataka tuombe. Nami pia nilisema kitu, sikumbuki nini. Papa alipiga kiti na mukono wa kushoto. "Bon. Bon. Bon." Tukaelewa kila mutu kivyake.

Kisha Tonton akasema, kwa upole, kwamba siku ya dot yeye atasimama pahali pa baba. Si aibu. Ni ugonjwa. Watu wa Innocent, muchumba wa Furaha, wanatoka kisiwa cha Idjwi, wameshapanga mashua, hatuwezi kuwaaibisha wala kujiaibisha. Watu waliangalia chini. Papa alikuwa pale, amekaa katikati yetu, tunamuongelea kama mutu aliyesafiri.

Furaha alisimama. Alisema kama si Papa anayemutoa, basi hatoki. Akaingia chumbani. Tonton akaniangalia mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyemufundisha kiburi. Labda.

Jumatatu, tarehe 15

Papa hatoki kitandani. Amegeukia ukuta. Umeme ulikuwako asubuhi yote, na hakuna aliyegusa kitu, hata pasi.

Namuchukia Tonton Déo leo.

Jumatano, tarehe 17

Nilimupelekea Papa uji. Akaonyesha dirisha na kidevu. Nikamuuliza, nifunge? nifungue? ni baridi? ni mbu? ni kelele ya barabarani? Yote kwa pumzi moja. Akafunga macho.

Nikajisikia mwenyewe. Sauti yangu ilikuwa bado inazunguka ndani ya chumba.

Kwetu mukubwa akikwama kwenye neno, unamusaidia. Ukimuacha atafute mbele ya watu, wewe ndiye huna adabu. Njo tulivyolelewa. Kanisani mutu akishindwa katikati ya ushuhuda, wamama wanaanzisha wimbo, wanamufunika nao mupaka akae. Ni mapendo. Siwezi kusema ni kitu kingine. Na toka mwezi wa pili tunamufunika Papa na mapendo hayo asubuhi mupaka jioni. Akianza na herufi moja tunamupokonya neno zima. Hajamaliza hata moja. Yule muzee wa muto ndiye peke yake katika nyumba hii asiyemusaidia. Hana adabu hata kidogo. Anangoja tu.

Na mimi ndiye mubaya kuliko wote. Tonton anaongea mengi, lakini mimi naongea haraka.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamuuliza, Papa, unataka nini? Nikafunga mudomo. Nililuma ulimi, si mufano, niliuluma. Lori lilipanda mulima wote wa barabara yetu, lilibadilisha vitesi, gia kwa gia, likapita, na alikuwa bado. Mikono yangu ilijikunja yenyewe. Nilikuwa na maneno kumi ya kumupa.

"Vent," akasema mwisho wake. Upepo.

Nikafungua dirisha. Akageuka, akanywa uji wake.

Alhamisi, tarehe 18

Alikuja mwenyewe sebuleni, na fimbo. Alikaa, akanyoosha mukono kwa manette. Hakuna mutu aliyemuita.

Nimetoa sheria. Papa akisoma, hakuna kuingia, hakuna kusema, hakuna aksanti Yesu. Maman alikaa kwenye kona, amefunga mudomo na ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Furaha alikuja mchana, akavumilia kidogo, akakimbilia jikoni. Anasema ni kama kumuangalia mutu anayevuka barabara peke yake. Ndiyo. Ni hivyo hasa.

Papa akasoma muzee wote. Utoto wake, mafuriko, madaraja, muke wake aliyekufa ng'ambo. Pahali pengine anasoma neno moja, anapumzika, anaangalia muto wa télé unaopita, anarudi. Muzee hakukasirika hata mara moja. Mwishoni kisanduku kikasema panda, na yule mwanamuke akapanda mutumbwini.

Kuvuka kwenyewe ni kitu cha ajabu. Hufanyi chochote. Unakaa. Maji, ukungu, mupigo wa kasia. Watengenezaji wa leo wangekata pale pale na kukuweka ng'ambo. Hawa walikuacha uvuke. Juzi ningelala usingizi. Leo niliangalia maji.

Muto ukagawanyika mbele yetu. Papa akanyoosha kidole. "Delta," akasema.

Hakukuwa na kisanduku. Hakuna aliyeliandika lile neno. Lilitoka kwake.

Jumanne, tarehe 23

Umeme umekufa. Toka juzi hakuna hata dakika. Wengine wanasema mashine ya umeme kwenye muto Ruzizi, wengine wanasema kiangazi, maji yamepunguka, wengine wanasema mambo ambayo mimi siandiki. Panneau yetu ya solari inabeba taa na simu, basi. Télé hapana.

Papa anakaa mbele ya ekra nyeusi na manette mukononi.

Naogopa. Maneno yote aliyopata ni ya Kifaransa, ya kusoma, na siku ya dot binti habarikiwi na kisanduku. Tonton amenituma ujumbe: wageni wanauliza nani atasema. Nimemujibu aniache mupaka mwisho wa juma. Amejibu na picha ya mikono miwili ya sala. Sijui anaomba nini.

Ijumaa, tarehe 26

Basi nimekuwa kisanduku mimi.

Tunakaa nje, kwenye baraza, ziwa mbele yetu. Namuuliza kitu kimoja. Nangoja. Akikosa, namuuliza kile kile, na sauti ile ile. Simalizii. Siinui nyusi. Sisemi karibu, karibu, unafika. Yule muzee hasemi karibu.

Ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na mimi nimeandika rapporti za wafadhili. Shingo inauma. Jana nilishika taya langu na mukono. Papa naye anakasirika. Anatafuta neno, anapata la jirani yake. Mbuzi wa jirani, Papa alimuita "inspecteur". Akasikia mwenyewe kwamba si hilo. Akamuangalia mbuzi vizuri, ile ndevu, na akaanza kucheka, nami nikacheka mupaka Maman akatoka kuona kuna nini. Wakaguzi wake wa shule walikuwa vile kweli.

Leo, Kiswahili ya kwanza. "Ma-ji." Nikamuletea. Akatikisa kichwa. Hakuwa na kiu. Alikuwa anaonyesha ziwa.

Nilikuwa nimemumalizia tena, na gilasi safari hii. Nikakaa chini nikangoja vizuri.

Jumapili, tarehe 28

Maneno manne. Maji, moto, Maman, na moja la Mashi, lugha ya kwetu, ambalo halisemwi mbele ya watoto. Bado hajasema Furaha. Anaikaribia, anaikimbia. Toka siku ile ya makofi, naona jina hilo linamutisha.

Furaha ameanza kuacha mazoea yake pia. Alikaa naye saa ya jioni kabla ya giza, hakumalizia hata neno. Alitoka na jasho.

Jumatano, tarehe 1, mwezi wa saba

Nilienda kwa Tonton, kule anapouzia mbao. Nilikuwa na maneno makali tayari toka nyumbani. Nilimwambia: Papa atasimama mwenyewe, na wewe utangoja.

Hakugomba. Alikaa juu ya rundo la mbao, akaniambia Yaya ndiye alimulipia shule, Yaya ndiye alimufundisha kuandika jina lake. Unafikiri napenda kushika pahali pake? Siwezi kuona watu wa Idjwi wanamuchekea mudomoni. Siwezi. Akapangusa uso, unga wa mbao ukabaki kwenye mashavu. Maneno yangu makali yakakosa pa kwenda. Nilikuwa nimemuchukia juma mbili kwa kitu ambacho mimi mwenyewe nilikifanya kila siku.

Akaniuliza tungoje muda gani. Nikasema mupaka amalize. Akaniangalia kama nimemuomba azuie pumzi mupaka Jumamosi.

Mwishoni akakubali, na sharti. Papa akishindwa, mikro inarudi kwake na hakuna atakayesema kitu. Nimekubali. Ningefanya nini.

Alhamisi, tarehe 2

Umeme umerudi mchana. Kelele kwenye avenue. Nilimuuliza Papa kama anataka kucheza. Alitafuta jibu. Nikangoja.

"Ha-pa-na," akasema. Akaonyesha baraza.

Tulifanya kazi mupaka jioni. Jina la Furaha halikutoka.

Jumapili, tarehe 5

Jana sikuweza kuandika. Leo kila mutu amelala nyumbani kama mizigo, naandika.

Watu wa Innocent walifika saa ya mchana, wamependeza, na pombe ya kasiksi, na mbuzi wawili waliokuwa wamechukia mashua. Viti vilitosha. Mwenye protokole, anayeongoza sherehe, alikuwa na mikro na vichekesho vyake vya zamani. Wakadai kuona binti, tukawaletea binti mwingine, wakakataa, wakacheka, kama inavyofanyika. Furaha alitoka mwisho, amevaa kijani. Mikono yake ilikuwa baridi, niliishika.

Kisha protokole akamuita baba wa binti.

Papa akasimama. Suti yake ya shule, imekuwa kubwa. Fimbo mukono wa kushoto. Tonton upande mumoja na mikro mbele ya mudomo wake. Mimi upande mwingine, sina cha kushika.

Akafungua mudomo. Hakuna kitu.

Wageni walikaa kimya kwa heshima. Kimya ya heshima iko na mwisho, inaisha, inakuwa kimya ingine. Mutu akakohoa. Kiti ikalia. Nikaona mama wa Innocent anaangalia mikono yake. "Fu..." akasema Papa. Akakwama. Nilikuwa na jina lile mudomoni, zima, nilikuwa naweza kumupa. Nililuma ulimi pahali pale pale.

Nyuma, mama mumoja wa sala akaanza wimbo. Pole pole, na makofi. Wa pili akaingia, wa tatu. Walikuwa wanamufunika. Walikuwa wanamupenda na walikuwa wanamuzika, na Papa akaanza kuinama kukaa. Mimi miguu yangu haikutoka. Nasema ukweli hapa, haikutoka.

Tonton Déo ndiye aliinua mukono.

"Wamama, acheni," akasema. "Yaya yangu anasema."

Wimbo ukakatika. Akamushika Papa kiwiko, akamunyanyua tena, na akafunga mudomo. Tonton Déo, na mikro iko mukononi, mbele ya watu wote wale, amefunga mudomo.

Sijui ilikuwa muda gani. Watoto waliacha kucheza wakageuka kuangalia.

"Fu-ra-ha," akasema Papa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mungu awabariki, hakuna hata mumoja. Alikuwa hajamaliza, na safari hii watu wote waliona kwamba hajamaliza. Akageuza macho kwa Innocent na kwa wazazi wake. Neno kwa neno, na kati ya kila neno unaweza kupanda kilima.

"Furaha... akisema..."

Tulingoja. Mama wa Innocent alikuwa ameinua kichwa.

"Mu-mu-ngo-jee."

Basi. Njo baraka yote. Innocent alisimama, akasema ndiyo Papa, na sauti haikutoka vizuri, akarudia. Hapo wamama wakapiga vigelegele na safari hii niliwaacha. Furaha alikuwa ameshapiga magoti mbele ya Papa, kijani yake yote kwenye vumbi. Tonton alitaka kutoa maelezo, akaleta mikro mudomoni, akaitazama, akamurudishia protokole. Halafu akaenda nyuma ya nyumba. Nilimukuta kule, karibu na masufuria, analia kama mutoto aliyeanguka. Nilimupa kitambaa changu.

Jumatano, tarehe 8

Nyumba imetulia. Viti vya watu vimerudishwa. Maman iko kwenye sala. Furaha bado iko nasi mupaka ndoa ya kanisa, lakini leo alienda kazini.

Bureau wamepiga simu. Labda mwezi wa tisa, wanasema. Labda. Nimesema sawa.

Umeme ulikuwako. Tulicheza kidogo, Papa na manette, mimi kando. Mwanamuke wetu iko ng'ambo ya muto sasa, anapanda mabonde mapya, ramani yake bado nusu. Tulifika kibanda, tukahifadhi, tukazima. Hatukuwa na haraka ya kujua kinachofuata.

Baadaye tulikaa kwenye baraza. Ziwa ilikuwa tulivu, ukungu wa kiangazi umeficha Idjwi. Papa alinigeukia. Niliona anatafuta, nikatulia.

"Na weye?" akasema.

Nikangoja maneno mengine. Nilingoja vizuri, bila nyusi, bila taya. Hayakuja. Alikuwa amemaliza. Lilikuwa swali nzima, na ni lake, na ni kwangu.

Sikujua anauliza juu ya kazi, ama juu ya bwana, ama tu niko aje. Tangu mwezi wa pili hakuna mutu aliyeniuliza niko aje. Nilifungua mudomo kumujibu haraka, sawa tu, Papa, kama ninavyojibu watu. Haikutoka. Nilitafuta ya kweli. Ilikuwa mbali kidogo.

Papa aliweka fimbo chini, akaegemeza mugongo kwenye kiti, akaningoja.